Ukibonyeza Hapana

Simu yangu ilikuwa namba 7. Namba yenyewe iliandikwa kwa kalamu nyeusi juu ya kipande cha plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda, nyuma ya simu. Tulikuwa watu kumi na wawili wa kujitolea, na simu kumi na mbili, na kila jioni tulizirudisha kwenye katoni ya biskuti ili zichomekwe chaji pamoja. Kamera, muziki, WhatsApp, vyote vilikuwa vimefungwa kwa neno la siri. Kilichobaki ni programu moja ya kujaza fomu. Watoto walikuja kuchungulia siku ya kwanza, wakaona hakuna mchezo ndani, wakaenda zao.

Ilikuwa Agosti 2024, Nkamira. Kwa msomaji ambaye hajapita huko: Nkamira ni kituo cha muda katika wilaya ya Rubavu, juu kwenye barabara ya kutoka Gisenyi kwenda Musanze. Mjini kuna joto na ziwa, lakini Nkamira kuna ukungu na baridi ya kuingia mifupani. Tulilala katika majumba marefu ya shitingi, familia kwa familia, tumetenganishwa na mashuka na vitenge vilivyotundikwa kwenye kamba. Mtu akikohoa mwanzo wa jumba, wa mwisho anamsikia. Akipika maharage, wote tunajua.

Ugonjwa uliokuwa unasemwa wakati ule ni mpox. Aina mpya ya kirusi ilikuwa imetambuliwa Kamituga, Kivu Kusini, ikapanda hadi Goma, kwenye kambi za waliohama vita. Mwishoni mwa Julai Rwanda ikatangaza wagonjwa wake wa kwanza, na tarehe 14 Agosti WHO wakasema ni dharura ya dunia nzima. Sisi tulikuwa katikati: tumetoka kule, tumebanana huku. Kwa hiyo shirika moja likaamua kila jumba lipitiwe kila siku kwa simu, familia kwa familia, na majibu yaende moja kwa moja kwa wakubwa. Walitafuta watu waliosoma kidogo, wanaosema Kinyarwanda na Kiswahili. Mimi nilikuwa nimeuza dawa katika duka la mtu kule Goma, nikachukuliwa.

Mafunzo yalichukua nusu siku. Programu yenyewe si ngumu, na nasema hivi bila kejeli, ni kitu kizuri. Wanaofanya kazi ya misaada wengi wanaijua KoboCollect. Imejengwa juu ya kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Marekani, na waliofanya iwe Kobo ni watafiti wa Harvard ambao walikuwa wakizunguka Uganda kaskazini na huku kwetu mashariki ya Kongo wakiwauliza watu habari za vita. Yaani kifaa hiki kimezaliwa kwa kuuliza watu kama sisi. Haihitaji rezo wakati wa kujaza, unajaza hata porini, fomu zinakaa ndani ya simu, ukifika penye mtandao unazituma zote. Ina nyota nyekundu kwenye swali la lazima, usipojibu haikuachii uende mbele. Na ina kitu kimoja ambacho mwalimu wetu alikisifu sana: ukijibu "hapana" mahali fulani, maswali ambayo hayana maana tena yanaruka yenyewe. "Inawaokolea muda," alisema. Nilikiandika kwenye daftari langu na kukipigia mstari.

Siku ya kwanza ilikuwa vituko.

Swali la nne kwa Kiswahili liliuliza hivi: Je, kuna mtu yeyote katika kaya hii aliye na upele? Aliyeliandika bila shaka ni mtu wa Kiswahili kizuri, cha Dar es Salaam au cha Nairobi, na kwake upele ni kitu chochote kinachotoka kwenye ngozi. Lakini Goma, Masisi, Rutshuru, upele ni upele: ule ugonjwa wa kujikuna usiku, unaokaa katikati ya vidole, ambao ukiingia nyumba moja unamaliza jumba. Kinyarwanda kilikuwa na shida hiyo hiyo, maana fomu iliandika ubuheri, na kila mtu anajua ubuheri ni nini. Basi nikawa nauliza, na watu wanacheka.

"Upele? Tuko nayo bote, mama. Hata muzee. Andika tu."

Nikaandika ndiyo. Mlango wa pili ndiyo. Mlango wa tatu mama mmoja alinionyesha mikono yake na ya watoto wake, akauliza kama nimeleta dawa. Ilipofika saa kumi tulituma, na saa kumi na moja msimamizi wetu alikuja anakimbia. Kwenye kompyuta, Nkamira nzima ilikuwa na mpox.

Tulicheka baadaye, yeye hakucheka. Ilichukua siku nne kubadilisha maneno. Niliwaambia waandike "vipele vyenye maji au usaha", na waongeze swali la kama viko viganjani na chini ya nyayo, kwa sababu mpox inapenda kutokea huko, na kama kuna mitoki imevimba shingoni au kwenye kinena. Wakaleta na karatasi zenye picha. Kuanzia hapo fomu ikawa nzuri. Na kuanzia hapo pia, ndiyo zikapotea.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana sijasikia mtu akilisema waziwazi, si upande wetu wala upande wa mashirika.

Swali la nne likijibiwa "hapana", fomu inaruka hadi mwisho. Dakika mbili umemaliza. Likijibiwa "ndiyo", yanafunguka maswali kumi na moja: nani, umri gani, tangu lini, viko wapi, ana homa, amekutana na nani, amelala na nani, ametoka wapi katika siku ishirini na moja zilizopita. Na mwisho simu inataka kujua umesimama wapi, inatafuta setilaiti, na chini ya shitingi kwenye mawingu ya Nkamira hiyo setilaiti unaweza kuisubiri hadi chai ipoe. Mtu ana familia thelathini za kupitia kabla ya giza, betri imebaki mstari mmoja, mvua inakuja. Huwezi kumwambia mtu huyo kwamba ndiyo na hapana vina uzito sawa.

Sikuwahi kumwona mwenzangu akiandika uongo. Lakini niliwasikia jinsi walivyouliza, na nilijisikia mwenyewe. Wiki ya kwanza tuliuliza, "Kuna mtu mwenye vipele vya maji?" Wiki ya tatu tulisimama mlangoni, kidole kiko tayari, tukasema, "Hapa hakuna mugonjwa, eh?" Na mwenye nyumba anajibu, "Apana, bote bazima." Kila mmoja amepata alichotaka.

Kwa sababu mwenye nyumba naye alikuwa na sababu zake. Kila baada ya muda mabasi yalikuja kuchukua watu kuwapeleka Mahama, kambi iliyo mbali kule Kirehe, upande wa Tanzania. Mahama kuna nyumba zenye mlango unaofunga. Majina yalibandikwa ubaoni, na kabla ya kupanda basi unapimwa. Mgonjwa anabaki, na familia yake inabaki naye. Ni kanuni ya haki, hakuna anayetaka kuweka mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza kwenye basi la watu hamsini. Lakini ukiitazama kutoka ndani ya shitingi, maana yake ni kwamba mwanamke mwenye simu anaweza kukunyima nyumba. Waliniita Mama Simu. Mwanzoni lilikuwa jina la utani. Baadaye likawa neno ambalo watu walilisema kwa sauti ndogo ili wenzao mbele wajue nimefika.

Mimi mwenyewe nilijua kudanganya vipimo zamani. Mwaka 2019, wakati wa Ebola, nilikuwa navuka kila siku pale Petite Barrière, kutoka Birere kuja kununua mboga soko la Mbugangari. Ugonjwa ulikuwa umetangazwa Agosti 2018 huko Beni na Mangina, na Julai 2019 ukafika Goma, ndani ya mchungaji mmoja aliyekuja na basi kutoka Butembo. Mpakani waliweka ndoo za klorini na watu wenye vile vipimo vya kuelekeza kwenye paji la uso kama bunduki. Ukiwa na joto, unawekwa pembeni. Ukiwekwa pembeni, nyanya zako zinaoza na watoto hawali. Mwanamke mmoja tuliyezoea kuvuka naye alinifundisha: ukiamka mwili unauma, meza Paracetamol mbili, subiri nusu saa, nawa uso kwa maji baridi, pita. Nilifanya hivyo mara mbili. Ilikuwa malaria, zote mbili, najua kwa sababu nilipona na dawa za malaria. Lakini asubuhi ile mpakani sikujua. Kabla ugonjwa ule haujaisha, Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa upande wetu. Rwanda haikupata hata mmoja. Huwa nafikiria ni watu wangapi tulipita tumenawa uso kwa maji baridi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Jina letu lilitoka ubaoni siku ya Jumatatu. Mimi, mama mkwe, watoto watatu. Basi lilikuwa la Alhamisi. Jumanne jioni mwanangu wa mwisho, mwenye miaka minne, alikataa uji. Nikamgusa, anawaka. Nikamvua shati nimpanguse maji, nikaona mgongoni vipele vitano, sita, na kimoja tumboni chenye maji kama tone la umande.

Jumba letu lilikuwa katika orodha yangu. Familia yangu ilikuwa ya mwisho kupitiwa, kwa sababu ndiyo nilimalizia kazi nyumbani. Nilikaa kwenye kirago, simu namba 7 mkononi, mtoto amelala kwenye mapaja. Nikafungua fomu. Idadi ya watu katika kaya: watano. Swali la nne.

Nikabonyeza hapana.

Maswali kumi na moja yakaruka. Simu ikaniuliza kama fomu imekamilika, nikasema imekamilika. Sikuhisi kitu chochote. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa, ilikuwa kama kufunga mlango kabla ya mvua. Nikaenda nje penye rezo, nikatuma zote thelathini, nikairudisha simu kwenye katoni ya biskuti.

Jirani yangu wa upande wa kushoto, nyuma ya kitenge, alikuwa mwanamke mzee tuliyemwita Nyanya. Alizaliwa Munigi, pale nje kidogo ya Goma. Halali usiku, kama wazee wengi. Alisikia mtoto anavyolia nilipompaka maji ya chumvi. Mnamo saa tano usiku akaita taratibu kutoka upande wake.

"Mama Simu. Uyo mutoto iko na nini?"

Nikasema meno.

Akanyamaza kwa muda. Kisha akaanza kunisimulia habari ambayo nilikuwa nimeisikia vipande vipande tangu utoto, kama kila mtu wa Goma. Julai 1994. Watu walivuka kutoka Gisenyi hii hii kuingia Goma, karibu milioni moja kwa siku chache, wakajaa barabarani, wakajaa Munigi, Kibumba, Katale, Mugunga. Kolera ikaingia. Karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, na ardhi ya kule ni jiwe la volkano, haichimbiki, kwa hiyo maiti zilivingirishwa kwenye mikeka na kuwekwa kando ya barabara. Malori yakapita kuzikusanya. Nyanya alikuwa msichana mkubwa. Alisema kulikuwa na mtu aliyepanda nyuma ya lori na karatasi, na kazi yake ilikuwa kuchora mistari. Anapakiwa mmoja, anachora mstari.

"Bale balihesabiwa," alisema. "Lakini balihesabiwa bakiisha kufa. Sasa weye banakupa simu ya kuhesabu bantu bangali bazima. Na unaandika nini mu ile simu?"

Sikumjibu. Sikujua kama alijua au alikuwa anauliza tu. Mpaka leo sijui.

Asubuhi vipele vilikuwa vimeenea usoni. Nilimbeba hadi kwa msimamizi kabla hajafungua katoni. Nikamwambia yote, pamoja na fomu ya jana. Nilitegemea atafoka. Alimtazama mtoto, akavaa glavu, akaniambia tukae upande ule wa nje. Halafu akasema kitu cha kazi tu: fomu iliyokwisha kutumwa hairudishwi kwenye simu. Ijaze mpya. Basi nikajaza mpya, nimesimama kwenye umande, mtoto begani, na mara hii maswali kumi na moja yakafunguka, nikayajibu moja baada ya jingine kuhusu mwanangu mwenyewe. Amelala na nani? Na mimi. Amekutana na nani? Na wote. Simu ilipotafuta setilaiti niliisubiri.

Kwa hiyo mahali fulani katika hesabu za mwezi ule, kaya yangu imeandikwa mara mbili: mara moja tukiwa wazima, mara moja tukiwa wagonjwa. Alisema wataifuta ile ya kwanza.

Gari lilituteremsha Gisenyi mchana huo. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kuvuka kwenda na kurudi katika mji ule na sasa niliuona kupitia kioo kilichofungwa, ziwa upande mmoja, na dereva amevaa barakoa hageuki. Tulikaa chumba cha peke yetu siku nne tukisubiri kipimo. Daktari kijana alinionyesha kitu ambacho ningependa kila anayebeba simu afundishwe: vipele vya mpox kwa kawaida hukua pamoja, vyote viko hatua moja, lakini kwa tetekuwanga unakuta cha maji, cha kukauka na kinachoanza, vyote kwenye mkono mmoja. Tulihesabu vya mwanangu. Vilikuwa vya kila aina. Lakini alisema macho hayatoshi, tusubiri maabara. Maabara ikasema sio mpox. Ilikuwa tetekuwanga, ile tunayoita varisele.

Wakati huo basi la Alhamisi lilikuwa limekwenda. Tetekuwanga nayo inaambukiza, kwa hiyo kanuni ni ile ile, na mama mkwe na wale wawili walibaki wakituombea na kunilaani kwa zamu.

Siku ya kurudi tulisubiri gari kwenye benchi nje, na hapo nilikaa na mwanamke mmoja wa Gisenyi aliyemleta jirani yake kujifungua. Alikuwa mjanama, yaani umujyanama w'ubuzima, wale wahudumu wa afya wanaochaguliwa na watu wa kijiji chao wenyewe. Tukaanza kulinganisha simu, kama mafundi wanavyolinganisha nyundo. Alianza zamani na simu ya vibonye. Rwanda ilianza kuwatumia wajanama kutuma ujumbe mfupi kuhusu wajawazito na watoto mwaka 2009, wilaya ya Musanze, hapo jirani. Alichoniambia kikaniuma kwa wivu. Simu yake ilikuwa inajibu. Akituma kwamba mama fulani ana dalili ya hatari, ujumbe unarudi kumwambia la kufanya, na kituo cha afya kinapata habari saa hiyo hiyo. Na aliyekuwa anaulizwa habari zake alikuwa jirani aliyempigia kura.

"Yako inakujibu nini?" akaniuliza.

Nikamwambia yangu inasema: imetumwa.

Nilirudi kwenye kazi, nilishangaa waliniruhusu. Wanawake jumbani walinitazama vibaya kwa siku mbili tatu. Mmoja alisema nisikie, "Kama ameandikisha mutoto wake mwenyewe, wetu atatuonea huruma?" Sikuwa na la kumjibu. Lakini usiku wa nne mwanamke mwingine, siye yule, alikuja nyuma ya kitenge na mtoto mgongoni. "Uniangaliye uyu. Usiandike kwanza." Nikamulika kwa tochi. Kulikuwa na jipu tu. Kesho yake akaja mwingine. Nikawa naangalia kwanza na kuandika baadaye, kwa makubaliano ya mama mwenyewe, na mara mbili nilisema, "Hii lazima niiandike," na mara zote mbili mama alikubali, mmoja baada ya kulia. Hakuna fomu inayoonyesha kazi hiyo ya usiku. Wala haikulipwa, ingawa hata ya mchana tulilipwa sabuni na vocha.

Nilibadilisha pia namna ya kuuliza. Niliacha kusimama. Niliingia, nikakaa, nikaacha simu mfukoni, nikauliza habari za jana. Simu niliitoa mwisho. Ilinichukua muda mara mbili na sikumaliza familia thelathini, nilimaliza ishirini, na msimamizi alilalamika kwamba namba zangu ni ndogo. Alikuwa na haki yake, wakubwa wake waliuliza namba. Tarehe 27 Septemba Rwanda ikatangaza Marburg kule Kigali, ugonjwa mkali, kati ya watu 66 waliothibitika 15 walikufa, wengi wa waliougua wakiwa ni wahudumu wa hospitali. Fomu ikaongezwa maswali ya kutokwa damu. Watu wakaacha kupeana mikono. Hapo familia zile nilizokuwa nakaa nazo zilinifungulia, na zile nilizokuwa sijafika ziliniambia kupitia shitingi, bila kutoka, bote bazima.

Kuna siku moja tu nilipoona zinakokwenda hesabu zetu. Mgeni alikuja na kompyuta, akaiweka juu ya meza ya kugawia chakula, na kwa wema wake akanionyesha ramani ya kituo. Kila jumba lilikuwa na rangi. Nyekundu kuna wagonjwa wengi, njano wachache, kijani hakuna. Nikatafuta letu. Kijani. Nikamwomba anionyeshe siku moja moja, akarudi nyuma, tarehe kwa tarehe, mpaka kwenye zile siku nne nilipokuwa nimefungiwa Gisenyi na mwanangu na hakuna aliyepita na simu namba 7. Kijani, kijani, kijani, kijani. Hakuna fomu iliyotumwa, kwa hiyo hakuna mgonjwa.

Nilimwonyesha kwa kidole. Alitazama kwa muda mrefu, akaandika kitu kwenye karatasi. Alikuwa mtu mwelewa, sina neno baya juu yake. Alinishukuru, akafunga kompyuta, kwa sababu watu walikuwa wanaanza kujipanga kwa chakula na meza ilihitajika.

Tulipanda basi la Mahama mwishoni mwa mwaka. Siku moja kabla nilirudisha simu, nikaondoa vitu vyangu vya ndani, ambavyo havikuwepo, na nikatamani kubandua ile plasta ya namba 7 nibaki nayo, lakini ilikuwa imeshikana.

Sasa niko upande wa wanaoulizwa. Juma lililopita alikuja msichana, mmoja wa majirani zetu wa Kirundi hapa Mahama, fulana ya kujitolea, simu mkononi. Alisimama mlangoni. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa Tanzania na nilimwona anaitazama.

"Mama, hapa hakuna mwenye homa?"

Kidole kilikuwa tayari, nakijua kidole kile. Mama mkwe alikuwa amelala ndani, na usiku kucha alikuwa ametetemeka.

"Yupo," nikasema. "Mmoja."

Akashusha pumzi. Akatazama skrini ambapo najua maswali yalikuwa yanafunguka, akatazama tena mvua. Nikamsogezea kigoda.